Huduma Ipo, Kijana Hayupo: Uhakiki wa Huduma za UKIMWI na Afya ya Akili katika Kilwa na Pwani ya Lindi

Taarifa zinazohusu afya ya vijana katika Mkoa wa Lindi zina kasoro moja inayojirudia, nayo ni kuchanganya kuwepo kwa huduma na kufikika kwake. Taarifa husema kliniki ipo, dawa zipo, mtaalamu yupo. Kisha huhitimisha kwamba vijana wanahudumiwa. Hitimisho hilo halitokani na hoja iliyotangulia. Kati ya mlango wa zahanati na kijana aliyeko dagoni kuna bahari, kuna nauli, kuna aibu, kuna kalenda na kuna sheria. Kazi ya kada ni kuuliza nani anafika, nani hafiki, na ni mazingira gani ya uzalishaji mali yanayomfanya asifike. Tunafanya hivyo hapa kuhusu huduma mbili ambazo huandikiwa taarifa mbalimbali ingawa mara nyingi mwenye kuzihitaji ni mtu yule yule: huduma za virusi vya UKIMWI na huduma za afya ya akili.

Tuanze na tarakimu, kwa kuwa ndizo zinazolewesha. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika nchi yetu walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, mbali sana na Kilwa. Kwa miaka mingi pwani ya kusini ilihesabiwa kuwa sehemu yenye nafuu. Uchunguzi wa kitaifa wa 2016–17 ulipata Njombe ina maambukizo ya asilimia 11.4 ya watu wazima, na Lindi chini ya asilimia 1. Tarakimu kama hiyo ni rahisi kugeuzwa pambo. Lakini uchunguzi uliofuata, wa 2022–23, ulionyesha kwamba katika Tanzania Bara mkoa wa chini kuliko yote ulikuwa Kigoma, asilimia 1.7. Maana yake ni kwamba Lindi haimo tena chini ya asilimia 1. Kada mwangalifu hatakurupuka kutangaza kwamba ugonjwa umelipuka: sampuli ya mkoa mmoja ni ndogo na makadirio yake huyumba, tena dawa zinapowafanya watu waishi, idadi ya wanaoishi na virusi hupanda hata kama maambukizo mapya yanapungua. Hilo ni jema. Hata hivyo, mwenye kupanga mipango yake juu ya sifa ya zamani ya Lindi anajenga juu ya mchanga.

Uchunguzi huo wa 2022–23 una jambo jingine zito zaidi kwetu. Kati ya watu wazima wanaoishi na virusi nchini, asilimia 82.7 walikuwa wanajua hali zao. Kati ya hao wanaojua, asilimia 97.9 walikuwa wanatumia dawa. Na kati ya wanaotumia dawa, asilimia 94.3 virusi vyao vilikuwa vimefubaa. Tazama mahali pengo lilipo. Haliko kwenye dawa. Liko kwenye lango la kwanza, la kupima. Akishaingia ndani mtu huhudumiwa. Tatizo ni kuingia, na anayeachwa nje zaidi ni kijana.

Mwaka 2019 Bunge lilirekebisha Sheria ya UKIMWI ya 2008, likashusha umri wa kuridhia kupimwa kutoka miaka 18 hadi 15, na likaruhusu mtu kujipima mwenyewe. Hayo yalikuwa marekebisho ya maana. Kabla yake binti wa miaka 16 alihitaji ridhaa ya mzazi au mlezi, nasi tunajua ni mabinti wangapi wangethubutu kuomba ridhaa hiyo. Ila sheria haitembei kwa miguu. Kilwa Masoko ni mji mdogo. Muuguzi ni shangazi wa rafiki yako, mtunza masjala mnasali naye msikiti mmoja, na benchi la wanaosubiri dawa linaonekana kutoka njiani. Sheria ya 2008 inamtaka mtumishi atunze siri, lakini hata asipotamka neno, benchi hilo limeshasema. Kijana mwenye uwezo wa nauli hupanda basi akachukue dawa mbali na kwao. Asiye na uwezo hukaa nyumbani, na taarifa humwandika "mtoro".

Neno hilo "mtoro" tungependa lifutwe. Linahamisha lawama kutoka katika mpango hadi kwa mtu.

Tutazame uvuvi, kwa sababu hapo ndipo ukinzani unapoonekana wazi. Kliniki ya dawa za kufubaza virusi hufuata kalenda ya ofisi: siku fulani ya juma, asubuhi, na tarehe ya kurudi imeandikwa kwenye kadi. Vijana wa Somanga, wa Kilwa Kivinje na wa Songo Songo hawaishi kwa kalenda hiyo. Wanaishi kwa mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa, katika usiku wa giza. Mwezi ukishakuwa mpevu taa haifai kitu, vyombo hupumzika na vijana hurudi nyumbani. Wengine kazi yao hufuata maji, bamvua au maji mafu. Juu ya hayo kuna majira: kaskazi ikivuma vyombo huhama, watu wakaenda dago, wakakaa huko wiki kadhaa au miezi, wakati mwingine nje ya wilaya na hata nje ya mkoa. Sasa mpe kijana huyo tarehe ya Jumanne ya wiki ya pili. Ikiangukia usiku wa giza, kwenda kliniki ni kupoteza mgawo wake wa chombo, na pengine nafasi yake, kwa kuwa nahodha hawezi kuwasubiri mabaharia. Ikiangukia mbalamwezi, yuko pwani anashona nyavu na ana muda wote. Kliniki ya pwani inayopangwa kwa mwezi haihitaji jengo jipya wala shilingi ya ziada. Inahitaji mtu wa wilaya akae na manahodha aulize.

Ni kweli kwamba mgonjwa aliyetulia hupewa dawa za miezi mitatu, hata sita, na utaratibu huo umewaokoa wengi. Lakini hutolewa kwa yule ambaye virusi vyake vimeshafubaa. Kijana ambaye damu yake bado ina virusi vingi kwa sababu alikosa dawa akiwa dagoni hurudishwa kwenye dawa za mwezi mmoja mmoja, ili afuatiliwe kwa karibu. Yaani aliyeshindwa kuja mara nne kwa mwaka anatakiwa sasa aje mara kumi na mbili. Madaktari wana sababu zao, nasi hatuzidharau: dawa zisizofanya kazi si za kugawa kwa miezi sita. Lakini katika hali halisi ya Songo Songo utaratibu huo unazidisha ugonjwa unaokusudia kuutibu, na njia ya katikati ipo: dawa zimfuate, kwa mkono wa mhudumu wa jamii au wa mgonjwa mwenzake wa chombo kile kile aliyekubaliana naye.

Barabara nayo haina budi itajwe. Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003, na gesi ya Songo Songo ikaanza kutumika mwaka 2004. Tangu hapo Kilwa si tena pembe iliyofungiwa na Rufiji kila masika. Nangurukuru imekuwa njia panda ya malori. Msimu wa ufuta na wa korosho huleta fedha, wanunuzi na wageni kwa wiki chache, kisha huondoka. Mei 2024 mafuriko na kimbunga Hidaya vikakata barabara ile ile, na anayetegemea dawa za kila siku akajua maana ya daraja. Wapo pia wafugaji walioondolewa Ihefu mwaka 2006 na 2007 wakaletwa kusini. Vijana wao wako porini mbali na zahanati, na hatujaona mpango unaowataja kwa jina.

Sasa afya ya akili. Hapa uhakiki wetu utakuwa mkali zaidi, kwa kuwa upungufu ni mkubwa na kimya ni kikubwa kuliko upungufu.

Sensa ya 2022 iliupata Mkoa wa Lindi ukiwa na watu 1,194,028. Madaktari bingwa wa magonjwa ya akili kwa nchi nzima ni makumi tu. Kwa hesabu hiyo peke yake hakuna haja ya kumsubiri bingwa afike Pande au Njinjo. Hospitali ya wilaya iko Kinyonga, Kilwa Kivinje. Ya rufaa ya mkoa, Sokoine, iko Lindi mjini, zaidi ya kilomita 150 kutoka Kilwa Masoko. Na Mirembe iko Dodoma. Mgonjwa aliyefungwa kamba na ndugu zake akaletwa kwa gari ataonekana, maana kelele zake zinasikika. Kijana ambaye hali chakula, halali, haendi baharini, na anajibu "hamna kitu" akiulizwa, huyo hakuna anayemwandika popote.

Tatizo mojawapo ni la lugha, nasi watu wa elimu ya siasa tusilione dogo. Wataalamu wamechukua kitenzi cha zamani, kusonona, wakakifanya jina la ugonjwa: sonona. Ni neno zuri. Lakini katika vijiji vyetu vya pwani mtu hasemi ana sonona. Husema ana mawazo. Dodoso linalouliza "Je, umewahi kupata dalili za sonona?" litarudi na "hapana" nyingi, kisha mkoa utaandikiwa kwamba hauna tatizo. Zimbabwe walianzia upande wa pili. Mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda aliwafundisha kina bibi 14 wa Mbare, Harare, wakae kwenye benchi nje ya kliniki na kuwasikiliza watu, wakitumia neno la Kishona la watu wenyewe, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Matokeo yalipimwa kwa njia za kisayansi na kuchapishwa mwaka 2016: waliokaa na kina bibi wale walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Kina bibi wa namna hiyo hatuna Kivinje? Makungwi wanaoaminiwa na mabinti tangu unyago wako wapi katika mipango yetu? Hatusemi kila desturi ni dawa. Baadhi ya mafundisho ya jando na unyago yanahitaji mjadala wake. Lakini kuacha hazina ya watu wanaosikilizwa, kisha kulalamika kwamba hatuna wataalamu, ni fikra tegemezi.

Huduma hizi mbili zinakutana hapa. Mwenye mawazo mazito hasahau dawa. Anaona hazina haja. Kliniki humpima damu na kumhesabia vidonge, lakini mara chache humwuliza analala vipi. Na akifikia hatua ya kutaka kujidhuru, ndugu zake hulazimika kuficha, kwa kuwa Kanuni ya Adhabu tuliyoirithi kwa wakoloni, katika kifungu cha 217, inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Hueleza hospitali kwamba ni ajali, hutibiwa kama ajali, na hurudi nyumbani na ugonjwa wake. Kifungu hicho hakijamponya mtu. Wanafunzi wa sheria walio katika safu zetu wangefanya kazi ya maana kukiandikia.

Wazee wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu wapatao milioni mbili wakikaa katika vikundi kuzunguka redio, wakisoma kijitabu, wakijadili, kisha wakichimba choo. Ubora wake haukuwa redio. Ulikuwa kikundi kinachojadili na kutenda. Elimu ya UKIMWI ya siku hizi mara nyingi ni fulana, ngoma na hotuba ya mgeni rasmi, na taarifa huhesabu waliohudhuria.

Fedha nazo. Tangu 2003 Marekani ilibeba sehemu kubwa ya gharama za mapambano haya. Januari 2025 ikasimamisha misaada kwa amri moja, na watumishi wengi waliokuwa wakilipwa na miradi wakajikuta nje kabla wagonjwa wao hawajaambiwa. Bajeti yetu ya 2025/26 ilipendekeza tozo ndogo ndogo kwa ajili ya Mfuko wa UKIMWI na bima ya afya kwa wote. Huo ni mwelekeo wa Azimio la 1967, na umechelewa. Swali letu ni moja: miradi ile ilipoondoka, iliondoka na watu gani? Dawa zilibaki. Walioondoka kwanza ni wale waliokuwa wakipanda mashua kumtafuta kijana aliyekosa kuja, na hao si mapambo ya kazi, ndio kazi yenyewe. Mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii uliozinduliwa Januari 2024, wenye lengo la wahudumu 137,294, ungeweza kuziba pengo hilo, iwapo wa pwani watachaguliwa miongoni mwa watu wanaojua dago na watalipwa nauli ya bahari.

Ndugu makada watauliza Chama kifanye nini katika shina na tawi. Tujibu kwanza wasifanye nini. Wasikusanye majina. Balozi mwenye orodha ya wagonjwa, hata kwa nia njema, ameifunga kliniki kwa mtaa wake wote. Wanachoweza kufanya ni kuitaka halmashauri, katika kikao cha kata, ionyeshe mambo matatu ambayo taarifa za sasa hazina: umri wa waliopimwa, tarehe za kliniki zikilinganishwa na mwezi, na idadi ya vijana walioulizwa, kwa maneno wanayoyaelewa, kama wana mawazo.