Fumbo na Ushahidi Wake

Hapana lugha ya pwani wala ya bara iliyojivunia mafumbo kuliko Kiswahili. Tuna vitendawili, tuna methali, tuna majina ya kanga, tuna nyimbo za unyago, tuna mashairi ya malumbano ambayo walengwa wake waliyaelewa kabla ya jioni na sisi tunayabishania hata leo. Pamoja na utajiri wote huo, hatujajiuliza vya kutosha swali moja dogo: aliyefumbua fumbo atajuaje kuwa amelifumbua? Makala haya yanalikabili swali hilo kwa kupitia mlango ambao wahakiki wetu hawajauzoea, nao ni mlango wa mafumbo ya maneno yanayojazwa katika vyumba vya mraba.

Tuanze na kitendawili, kwani ndicho cha kwanza tulichofundishwa. Mtegaji husema nyumba yake haina mlango, na sote hujibu kwa sauti moja: yai. Lakini mambo yasiyo na mlango ni mengi. Kaburi halina mlango. Nazi haina mlango. Hata jiwe, ukitaka, ni nyumba isiyo na mlango. Kwa nini basi jibu liwe yai? Ni kwa sababu waliotutangulia walikubaliana hivyo. Mteguaji hodari wa vitendawili aghalabu ni mwenye kumbukumbu kuliko mwenye hoja. Anayeshindwa huambiwa atoe mji, naye hutoa Mombasa au Tabora, kisha huambiwa jibu ambalo asingeweza kulithibitisha hata angekesha.

Nyimbo za unyago zimekwenda mbali zaidi. Ngoma hiyo ilifika Unguja pamoja na watu waliotoka bara ya kusini, Wayao wakiwa miongoni mwao, wengi wao wakipitishwa Kilwa kwa njia ya utumwa. Kwa hiyo sisi tunaoishi Tunduru, katika nchi ya Wayao, tunaposikia msondo wa Unguja, ule aliousifika nao Bi Kidude hadi kufariki kwake mwaka 2013, hatusikii jambo geni. Humo fumbo halikutungwa ili mwari alifumbue peke yake. Ufunguo uko mkononi mwa kungwi, naye huutoa kwa wakati wake. Hilo si kasoro, maana kazi ya fumbo la unyago ni kumfunga mwari kwa mwalimu wake. Lakini tukiichukua adabu hiyo ya chumba cha mwari na kuifanya kanuni ya uhakiki, tutakuwa tumemfanya kila mhakiki kuwa kungwi, na kila msomaji kuwa mwari asiye na ruhusa ya kuuliza.

Sasa tutazame upande wa pili. Fumbo la kwanza la mraba lilichapishwa katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913, kazi ya Arthur Wynne. Lilikuwa fumbo la kamusi tu: neno linatajwa kwa maana yake, nawe unalijaza. Mengi yanayoitwa chemsha bongo katika magazeti yetu yangali katika hali hiyo. Unaulizwa mji mkuu wa nchi fulani. Unaujua au huujui. Bongo haijachemka.

Huko Uingereza kulizuka namna nyingine. Katika gazeti la The Observer, kuanzia mwaka 1926, Edward Powys Mathers alitunga mafumbo ambayo kila dokezo lake lilikuwa na mtego. Inafaa tukumbuke kwamba Mathers alikuwa mshairi na mfasiri, aliyewatafsiria Waingereza mashairi ya Mashariki na hadithi za Alfu Lela Ulela. Alijiita Torquemada, jina la mkuu wa mahakama ya kidini ya Hispania aliyesifika kwa ukali. Aliyemrithi, D. S. Macnutt, alijiita Ximenes kwa jina la mkuu mwingine wa mahakama hiyo, na mwaka 1966 akatoa kitabu cha kuweka sheria za sanaa hiyo. Aliyefuata, kuanzia 1972, alijiita Azed: limsome kinyumenyume jina la Deza, mkuu mwingine wa mahakama ile ile, nawe utalipata, lisome kama lilivyo, utapata herufi ya kwanza na ya mwisho za abjadi ya Kiingereza. Hata jina la mtunzi lilikuwa na njia mbili za kulifikia.

Na hapo ndipo penye kiini cha jambo. Katika fumbo la namna hii, kila dokezo lina sehemu mbili. Moja hutoa maana ya neno linalotakiwa. Nyingine hulijenga neno lile lile kwa vipande vyake, kwa kulipindua, kulificha ndani ya maneno mengine, au kuchezea maana zake mbili. Njia mbili zikikutana katika neno moja, mfumbuzi hahitaji kuuliza mtu. Mtunzi ana ruhusa ya kumpoteza msomaji, lakini hana ruhusa ya kumdanganya. Yako hata yale magumu kupita yote, ya kidhamira, kama yaliyoanzishwa mwaka 1930 katika jarida la The Listener la BBC na kuhamia The Times mwaka 1991, ambamo maneno yote hufungwa na wazo moja lililofichwa, na aliyejaza vyumba vyote huenda bado hajamaliza kazi. Mimi niliyejifunza Kiingereza kwa kamusi, bila ya darasa, nilijifunza humo kwamba neno lina mwili na lina roho, na kwamba msomaji mwaminifu huvipima vyote viwili.

Mafumbo hayo hayatafsiriki. Ukiitafsiri maana, unaupoteza mwili. Hayana budi kutungwa upya katika lugha yetu. Je, Kiswahili kinaweza? Naamini kinaweza, kwa sharti moja: chumba kimoja kichukue silabi moja, si herufi moja. Wajapani hufanya vivyo hivyo, chumba kimoja kwa alama moja ya silabi yao. Nasi tuna kila sababu ya kufanya hivyo, kwani mizani yetu huhesabiwa kwa silabi, na hata mchezo wa kinyume, ambao Edward Steere aliutolea mifano katika kitabu chake cha lugha ya Unguja cha mwaka 1870, huitoa silabi ya mwisho na kuitanguliza mbele.

Nijaribu basi kwa maneno ya kwetu. Dokezo la kwanza, la mlalo, vyumba vitatu: *Tobo, kisha mwanzo wa Ruvuma: ndipo penye vito.* Mwenye kujua jiografia atakimbilia milima ya Matogoro karibu na Songea, kwani ndiko mto Ruvuma unakoanzia, naye atakuwa amepotea. Mwanzo unaotajwa ni wa neno, si wa mto. Tobo ni *tundu*. Mwanzo wa Ruvuma ni *ru*. Jibu ni Tunduru, na aliyeuona mji huu katikati ya miaka ya 1990, wachimbaji walipomiminika kutafuta yakuti na vito vingine, hatahoji kwa nini tobo lilitangulia.

Dokezo la pili ni la wima, nalo linaanzia katika chumba cha mwisho cha lile la kwanza: *Mwisho wa Tunduru, enea sifa: utakuta mpaka wa maji.* Mwisho wa Tunduru ni *ru*. Kuenea sifa ni *kuvuma*. Jibu ni Ruvuma, mto unaoigawa wilaya hii na Msumbiji. La tatu ni la mlalo, kuanzia silabi *ma*: *Mkulima, sasisha daftari: ndani yake mna mji wa jirani.* Mkulima wa korosho hatashangazwa na agizo hilo, lakini asikilize sauti kuliko agizo: katika *mkulima sasisha* umelala mji wa Masasi, mzima, bila ya kukatwa silabi. La nne ni la wima, kuanzia *si*: *Si maradhi ya kichwani, bali ni muuaji wa mwituni.* Maradhi ya kichwani ni *mba*. Yasipokuwa hayo, ni simba. Tunduru katika miaka ya 1980 iliwajua simba wala watu, kwa hiyo neno hilo kwetu si pambo.

Tazama sasa ngazi iliyojengeka: TU-NDU-RU-VU-MA-SA-SI-MBA. Maneno manne yameshikana mikono, na vyumba vyote ni vinane, sawasawa na mizani ya kipande kimoja cha tarbia. Sikuipanga hesabu hiyo. Lugha ndiyo iliyoipanga. Na minyambuliko yetu huzidisha neema. *Pikia ugali katika mji wa Wangoni*: ugali husongwa, na anayemsongea mwenzake amekwisha kuutaja mji uliobeba jina la Songea Mbano, nduna aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906 wakati wa Vita vya Maji Maji.

Msomaji atauliza mchezo huu unaingiaje katika ukurasa wa mashairi. Unaingia kwa sababu shairi la kimapokeo limejengwa kama mraba. Mshororo husomwa kwa mlalo, na vina hushuka kwa wima. Neno lililokaa mahali pa kina limepita mitihani miwili: limefaa kwa maana na limefaa kwa sauti. Muyaka bin Haji, aliyeishi Mombasa mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19, alilijua hilo, na ndiyo maana maneno yenye maana mbili yalikuwa silaha mikononi mwake. Washairi wetu wametuachia ushahidi ndani ya tungo. Ni sisi wasomaji tulioacha kuudai.

Nitoe mfano wa visiwani. Haji Gora Haji wa Tumbatu, aliyefariki mwaka 2021, alitupa shairi la "Kimbunga", lililobeba jina la diwani yake ya mwaka 1994. Humo kimbunga kinaupiga mji wa Siyu. Mibuyu inang'olewa, minazi inanusurika. Wako wasomaji wanaosema mara moja: haya ni Mapinduzi ya 1964. Inawezekana. Lakini hebu tulipime dai hilo kama tunavyopima dokezo. Kwanza, je, shairi linatuonya kuwa halisemi juu ya upepo? Naam, linatuonya, kwani hakuna upepo unaoung'oa mbuyu na kuuacha mnazi. Maana ya juu juu imeachwa na ufa makusudi ili tuingie. Pili, ufa huo unatupeleka wapi? Unatupeleka kwenye kuanguka kwa wakubwa waliodhaniwa hawaanguki, na kusalimika kwa wembamba. Hadi hapo njia mbili zimekutana, na msomaji anaweza kusimama kwa miguu yake. Mwaka 1964, hata hivyo, haumo katika vyumba vya shairi. Umeletwa na msomaji kutoka nje. Anayo haki ya kuuleta, maana shairi linaupokea. Hana haki ya kusema ndilo jibu na mengine yote ni makosa. Huenda shairi lilitungwa makusudi ili lipokee zaidi ya tukio moja, na huo ni ukubwa wake.

Nitapingwa kwamba ushairi si hesabu, na kwamba fumbo lenye jibu moja hufa siku linapofumbuliwa. Nakubali nusu. Shairi linaweza kuwa na majibu matatu au saba. Ninachodai ni kila jibu lije na ushahidi wake kutoka katika maneno yaliyomo. Kusema "shairi lina maana nyingi" kusiwe kibali cha kusema lolote.

Jambo hili si la anasa. Nchi zetu zimewahi kuwafunga waandishi. Abdilatif Abdalla alitiwa gerezani Kenya mwaka 1969 hadi 1972 kwa andiko lake la siasa lililosema waziwazi, na humo gerezani akazitunga tungo za *Sauti ya Dhiki*, ambamo mnazi na mamba hawakuwa mnazi na mamba tu. Mshairi hujificha ndani ya fumbo kwa sababu anahitaji ukuta. Ukuta huo unasimama pale tu wasomaji wanapokubaliana kuwa maana isiyoonyeshwa katika maneno haihesabiwi. Msomaji asiyedaiwa ushahidi leo atampa mshairi sifa asizostahili, na kesho, upepo ukigeuka, atampa kesi asiyostahili kwa njia ile ile.

Ningependa basi wahariri wa kurasa kama hizi wawape vijana mraba wa silabi kando ya shairi la mwezi, na walimu wa fasihi wawaulize wanafunzi swali moja baada ya kila tafsiri ya fumbo: neno lipi limekuonyesha? Mwanafunzi atakayeweka kidole juu ya neno hilo atakuwa ameuchukua mji kwa haki yake. Atakayeshindwa, na atoe mji, kama tulivyofundishwa tangu utotoni.