Kuhama, Kuhamia, Kuhamishwa

Tangu Abdulrazak Gurnah apewe Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, kwenye semina na makala nakutana na maelezo yaleyale: huyu ni mwandishi wa wakimbizi. Si uongo. Alizaliwa Zanzibar mwaka 1948, akaondoka kwenda Uingereza akiwa kijana, miaka michache baada ya Mapinduzi. Waliompa tuzo nao walitaja ukoloni na hatima ya mkimbizi. Shida ni kwamba maelezo hayo yanatufundisha kusubiri pasipoti igongwe muhuri ndipo tuanze kumhurumia mhusika. Nimejaribu kuvisoma vitabu vyake kwa njia nyingine, nikifuata umri wa wahusika badala ya ramani, na nimegundua kwamba kuhama kunakoumiza sana katika vitabu hivi mara nyingi hakuvuki mpaka wowote.

Kiswahili kinatusaidia hapa, kwa sababu kinatenganisha mambo ambayo wahakiki wengi huyatia kapu moja. Anayehama anaondoka. Anayehamia anafika na kukaa. Anayehamishwa anabebwa pamoja na vyombo. Mtu anaweza kuhama asihamie popote maisha yake yote. Mwingine huhamishwa akiwa amelala, akaamka na kuambiwa kwamba hapa ndipo kwao.

Tuanze na mtoto. Katika Paradise (1994), ambayo sasa tunaisoma kwa Kiswahili kwa jina la Peponi katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis, Yusuf ana miaka 12. Baba yake ana hoteli katika mji mdogo wa Kawa, penye reli. Ami Aziz, tajiri wa biashara, huja kuwatembelea na kila anapoondoka humwachia mtoto sarafu. Siku moja Yusuf anaambiwa atasafiri na ami. Anafurahi kupanda treni. Haimjii kabisa kuuliza atarudi lini. Akishafika pwani ndipo Khalil, kijana wa dukani, anamfungua macho: yule si ami yako, mwite Seyyid, baba yako anadaiwa. Kiswahili kina neno lake, rehani. Mtoto amewekwa kama mtu anavyoweka kitu cha thamani kwa mkopeshaji.

Wahakiki wengi huanzia hapo kuzungumzia utumwa na biashara ya misafara, na ni haki yao. Mimi nakwama kwenye swali ambalo halikuulizwa. Kwangu, ukatili wa sura zile za mwanzo uko katika kumficha mtoto habari, na reli inakuja baada ya hapo. Hata wazazi wanaompenda wanaona maelezo si ya watoto. Yusuf anajifunza duka, anajifunza bustani ya tajiri, anajifunza njia ya bara, lakini kila anachojifunza kinakaa juu ya shimo lile: hakuna mtu wa kwao aliyemwambia kwa nini.

Kijana naye ana shida ya kinyume chake. Anaambiwa kila kitu, tena sana. Salim wa Gravel Heart (2017) anakwenda London kwa mjomba wake akiwa na mpango uliokwisha kuandaliwa: asome biashara, afanikiwe, awe na shukrani. Huyu ndiye anayehama kwa maana kamili, kwa miguu yake mwenyewe, na ndiyo maana lawama zote za kushindwa zinamwangukia yeye. Anamwandikia mama yake barua, nyingine hazitumi. Kila kijana aliyetoka nyumbani kwenda kusoma anazijua barua hizo, hata kama zake ni meseji za WhatsApp: moja ya kuonyesha mambo ni mazuri, nyingine ya kufuta kabla haijaondoka.

Lakini anayenishangaza zaidi katika kitabu hicho ni baba, Masud. Salim akiwa na miaka saba, Masud anaondoka nyumbani, anakwenda kuishi katika chumba nyuma ya duka, Mwembeladu, mjini humohumo. Kila siku mkewe anampikia, na baadaye mtoto ndiye anayebeba kikapu cha chakula kumpelekea. Pima umbali huo. Ni mwendo wa miguu, chakula kinafika bado kina moto. Hata hivyo Masud yuko mbali kuliko Salim atakavyokuwa London, kwa sababu mtu mzima akihama kwa aibu hahamii. Hapaki rangi wala haongezi kiti, anakaa kama abiria aliyeshuka kituo kisicho chake. Sababu ya kuondoka kwake Gurnah anaificha hadi karibu na mwisho, nami sitaifichua.

Hapo ndipo nina ugomvi na mwandishi. Sababu hiyo inamhusu Saida, mama yake Salim, kuliko mtu mwingine yeyote, lakini tunaisikia kwa kinywa cha mume. Katika Paradise, Amina naye aliletwa katika nyumba ya tajiri akiwa mtoto, na habari zake kwa sehemu kubwa tunazipata kupitia wanaume wanaomzunguka. Kuolewa ni kuhama ambako wanawake wengi wa pwani na bara wamekupitia bila kuitwa wahamaji. Mwandishi aliyeweza kuona msiba mzima ndani ya kikapu cha chakula angeweza pia kukaa muda mrefu zaidi na aliyekipakia.

Mwishoni yuko mzee. By the Sea (2001) inaanza na Saleh Omar, miaka 65, akitua Gatwick kwa jina lisilo lake. Ameshauriwa ajifanye hajui Kiingereza. Katika mzigo wake mdogo mna kijaluba cha udi, na ofisa wa uhamiaji anakichukua. Mtu ambaye zamani aliuza samani nzuri, aliyejua thamani ya mbao na historia ya kila meza, sasa hana chombo hata kimoja cha kumweleza yeye ni nani. Kijana akifika ugenini bila kitu, watu husema ataanza maisha. Mzee wanamwona amemaliza, basi wanamtafutia kitanda.

Kinachomwokoa Saleh Omar kinatoka upande usiotarajiwa. Anatafutiwa mkalimani, na anayepatikana ni Latif Mahmud, mhadhiri wa London, ambaye jina alilolitumia mzee ni la marehemu baba yake. Tena nyumba ya kina Latif ilichukuliwa na mzee huyuhuyu. Latif mdogo alitumwa na mama yake kwenda kuomba irudishwe meza ndogo ya mpingo, akarudi mikono mitupu. Watu hawa wawili wana kila sababu ya kuchukiana. Badala yake wanakaa na kuanza kusimuliana, wakisahihishana: haikuwa hivyo, ilikuwa hivi. Kwa maoni yangu, hapo ndipo mzee anapohamia. Ufunguo wa fleti alikuwa nao tangu zamani. Alichokosa ni mtu anayeijua nyumba aliyotoka vya kutosha kumbishia.

Nina sababu ya kulishikilia hili. Tulipohama kutoka Tanga kuja Dar es Salaam nilikuwa na miaka 11, na sisi watoto tuliambiwa tunakwenda likizo. Mwaka 2019, baada ya matanga ya Babu, Bibi alichukuliwa Muheza akaletwa kwetu Mbagala. Ilikuwa kwa mapenzi: ana sukari, na hospitali iko karibu. Alipewa chumba chenye feni. Akianza habari za michungwa yake, mtu humwambia kwa upole, "Bibi, pumzika." Mwaka huu Baba Mkubwa na Shangazi wanataka nyumba ya Muheza iuzwe, kwa kuwa haina mtu. Hesabu yao ni sahihi, na ada za watoto wa ukoo hazilipwi kwa kumbukumbu.

Sisemi riwaya zitatupa jibu la kuuza au kutouza. Ila zimenionyesha kwamba mtoto na mzee wanahamishwa kwa adabu ileile: wanapendwa, wanabebwa, hawaelezwi. Tofauti ni kwamba mtoto ana miaka ya mbele ya kuuliza. Wahenga walisema mgeni siku ya tatu apewe jembe. Sisi Bibi tumempa kila kitu isipokuwa jembe, maana yake kazi ya kuamua na haki ya kubishiwa.

Kikao cha familia ni mwezi ujao. Nimeomba akae nasi sebuleni, karatasi ya mnunuzi isomwe mbele yake, na aulizwe yeye wa kwanza. Shangazi anaogopa presha itampanda. Mimi naogopa zaidi kwamba hatasema kitu, kwa kuwa amezoea sasa.