Msimamisheni Karibu

Katika madarasa mengi ya kidato cha tatu na cha nne, Mary ameshahukumiwa. Ni rafiki mbaya; andika hivyo kwenye mtihani, upate alama zako. Namsema Mary wa Orodha, tamthiliya ya Steve Reynolds iliyotoka mwaka 2006. Furaha, binti aliyekuwa rafiki yake, amekufa kwa UKIMWI, barua yake inasomwa msibani, na wanaume wanahangaika wakidhani majina yao yamo.

Jioni moja hapa Utemini niliwakuta wanafunzi wakiifanyia mazoezi. Madawati yamesukumwa ukutani, madirisha yamefungwa kwa ajili ya upepo wetu wa Singida. Binti aliyecheza Furaha alikuwa ameyashika maneno yote, hakukwama popote. Ila alisimama mbali na Mary, mikono kifuani, kama anayemjua adui yake. Mwalimu akasimamisha mchezo.

“Mbona unamwogopa? Huyu ni besti yako. Hayo mengine hujayajua bado.”

Akamsogeza hatua mbili.

Wakarudia. Safari hii Mary aliongea huku akimwekea mwenzake sawa kola ya shati, na Furaha akacheka kabla sentensi haijaisha, kile kicheko cha wasichana wawili ambacho wa tatu haambiwi sababu yake. Darasa zima kimya. Mwisho tulikuwa tunaujua, maana mtunzi ametumia mbinu rejeshi na msiba ameutanguliza, lakini pale kila mmoja wetu angemfuata Mary.

Huo ndio ufundi ninaousifu. Mwigizaji hawezi kumcheza Mary kama mtu mbaya, kwa sababu hakuna binti anayetoroka kwao usiku kumfuata mtu mbaya. Anamfuata anayemwona kuwa ameshakua, wakati nyumbani yeye bado anaitwa mtoto. Hata katika Kilio Chetu, tamthiliya ya Medical Aid Foundation, wazazi wanabishana kama watoto wafundishwe mambo ya jinsia, na watoto wanafundishana wenyewe. Ukisoma kimyakimya, unaokota ujumbe. Ukiigiza, unaonja ule utamu wa kuwa na mtu mmoja anayekuelewa, ndipo unaelewa Furaha aliacha nini na kwa nini.

Mwalimu wa Kiswahili unayesoma haya, kabla hujaandika “dhamira” ubaoni, sukuma madawati. Mmoja awe Furaha, mwingine Mary, na uwaambie wasimame karibu.