Mtu Mmoja, Majina Mengi

Baraza la Kimataifa la Arshivi lilitoa mwaka 1996, likatengeneza upya mwaka 2004, kanuni iitwayo ISAAR (CPF), juu ya kuandika majina ya watu, ya jamaa na ya mashirika katika orodha za makaratasi ya kale. Neno lake kubwa ndilo hili: kila mtu achaguliwe jina moja la kumtafutia, na majina yake mengine yafuate chini. Tuipime kwa mfano wa kwetu.

Mwenye Heri Anuarite, aliyezaliwa Wamba mwaka 1939, aliitwa na wazazi wake Nengapeta. Kwa ubatizo alipata Alphonsine. Anuarite lilikuwa jina la dada yake. Shuleni likaandikwa kwa kosa kuwa lake, likamshika. Katika utawa akawa Marie-Clémentine. Shirika lake nalo huitwa Jamaa Takatifu, na kwa Kifaransa Sainte-Famille. Hata mji wa Isiro, alipouawa mwaka 1964, uliitwa siku zile Paulis.

Bila kanuni, mwandishi wa orodha atafanya watu wanne wa mtu mmoja, na habari za shahidi zitatawanyika. Kwa hiyo twaisifu kanuni.

Lakini mambo mawili yanapungua. Kwanza, haikati neno jina lipi litangulie. Yaachia desturi za kila nchi. Desturi za Ulaya hutanguliza jina la ukoo. Nasi? Nengapeta si jina la ukoo, wala Anuarite. Pili, kanuni yaruhusu majina mengine yapewe miaka yake, lakini wenye haraka hujaza mstari wa kwanza tu. Hapo ndipo hatari. Anayefuta Anuarite, eti ni kosa, anafuta jina lililotangazwa altareni mwaka 1985. Anayeacha Nengapeta anafuta neno la wazazi.

Tena tusidhani ni habari ya mtu mmoja. Mwaka 1972 serikali ya Zaire iliwaamuru raia waache majina ya Kikristu. Wengi wana jina moja kabla na jingine baadaye.

Shauri letu, enyi ndugu mtakaoshika vitabu vya parokia: litangulie jina ambalo watu wanamjua nalo, mengine yote yafuate, kila moja na mwaka wake na kitabu lilimoandikwa. Kitabu cha kale chenyewe kisisahihishwe. Orodha ni njia ya kumfikia mtu, si ubatizo wa pili.