Zunguka Nyuma ya Kambi

Picha ileile hunirudia mtandaoni: nyumba za safu za kambi ya mkonge huku Korogwe, jua la jioni, plasta imebanduka, mlango wa buluu. Chini yake mtu ameandika "uzuri uliosahaulika". Hunikera. Babu yangu aliishi chumba cha nne kutoka mwisho wa safu kama hiyo, na hakukisahau hata siku moja.

Umbo lenyewe ni rahisi. Vyumba vimepangwa mstari mmoja chini ya paa moja la bati, na kila ukuta wa kati ni wa majirani wawili. Tofali zinaokolewa, ardhi inaokolewa. Waingereza wa enzi ya Malkia Victoria walijenga kwa hesabu hiyohiyo katika miji yao ya pwani. Reli ilifika Brighton mwaka 1841, ikaleta wageni wa kupunga upepo, na safu za nyumba zikaongezeka. Reli ya Wajerumani kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, na mkonge, ulioletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, ukapata njia ya kwenda bandarini. Safu zikajengwa huku pia.

Lakini nyumba huulizwa: dirisha lako linatazama nini? La Brighton limechomoza nje ya ukuta, lina vioo pande tatu, ili mgeni aione bahari akiwa kitini. La babu lilikuwa dogo, la mbao. Mlango wake ulitazama njia ya kwenda korona, na mnyapara aliyepita alfajiri aliiona milango yote kwa mara moja. Safu ya kule ilipangwa ili mkaaji aone. Ya huku, ili mkaaji aonwe. Hata jina la manamba linatokana na namba waliyopewa wafanyakazi. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda SILABU, ofisi ya kukusanya vibarua kutoka majimbo ya mbali, na chumba kilikuwa sehemu ya hesabu hiyo.

Kwa hiyo "uzuri" ni neno la haraka. Ila sikubaliani pia na wanaoziita jela wakaishia hapo, maana wanawafuta waliokaa ndani. Bibi alipofika alikuta chumba kimoja tu. Nyuma akajenga jiko la udongo, akazungushia makuti, pakawa ua. Mbele babu akainua kibaraza cha mawe na udongo, watu wakapata pa kukaa na kusalimiana. Ukumbi haukuwezekana, lakini kibaraza mbele na ua nyuma ndiyo nyumba ya Kiswahili, ikipenya kidogokidogo ndani ya mchoro wa mwajiri. Hata ule ukuta wa kubania matumizi ulipata kazi nyingine: usiku bibi aliposhikwa na uchungu wa mama yangu, aliugonga mara tatu, na jirani akaja.

Hayo hayamo kwenye picha, kwa sababu mpiga picha husimama mbele, pale pale alipopita mnyapara. Makuti huoza na jiko la udongo huyeyuka kwa mvua, kwa hiyo kitakachobaki ni mchoro wa mwajiri peke yake, nasi tutausifia. Ukija Korogwe na kamera yako, piga hodi kwanza, kisha uzunguke nyuma.