Herufi Moja Ndani ya Namba ya Pakiti

Mwaka 1997 Craig Rowland alichapisha katika jarida la First Monday uchambuzi wa njia za siri ndani ya TCP/IP, pamoja na programu ndogo, covert_tcp. Wengine walikuwa wameshaficha data ndani ya ping. Yeye aliingia kwenye kichwa cha pakiti, ambako faiwoli nyingi za wakati huo zilisoma anwani na poti, basi.

Kila pakiti ya IPv4 ina namba ya utambulisho ya biti 16. Pakiti ikikatwa njiani, namba hiyo ndiyo huonyesha vipande vipi vinakwenda pamoja. Kanuni inataka namba iwepo na isigongane na nyingine. Haisemi iwe ngapi. Rowland alichukua H, ambayo kwenye ASCII ni 72, akazidisha kwa 256, akapata 18432, akaiandika hapo. Mpokeaji anagawa kwa 256 na kuipata H yake. Pakiti yenyewe haina data yoyote, ni ombi tu la kufungua muunganisho. Herufi moja kwa kila pakiti ni mwendo wa kobe, lakini wizi wa nywila hauhitaji kasi.

Mbinu yake ya kudundisha ndiyo hatari zaidi kwa maoni yangu. Herufi inawekwa kwenye namba ya mfuatano ya TCP, yenye biti 32, na mahali pa anwani ya mtumaji panaghushiwa anwani ya mpokeaji. Pakiti inatumwa kwa seva isiyohusika kabisa. Seva inajibu kwa utiifu kule ilikoelekezwa, ikirudisha namba ileile pamoja na moja. Anayekagua upande wa mpokeaji ataiona seva hiyo tu. Mtumaji wa kweli hayumo.

Udhaifu upo. Namba zote za utambulisho za covert_tcp hugawanyika kwa 256, na si kawaida kwa mashine kufanya hivyo daima. Mwaka 2005 Steven Murdoch na Stephen Lewis wa Cambridge walionyesha kwamba Linux na OpenBSD zilizalisha namba hizi kila moja kwa mpangilio wake maalumu, hivyo hata namba ya kubahatisha inaweza kumfichua mtumaji.

Kwa kujilinda, mimi ningeanza na pf, faiwoli ya OpenBSD, ambayo ikiamriwa hufuta namba ya utambulisho na kuweka nyingine. Ujumbe hufa hata kama hakuna aliyejua upo. Kudundisha kuzuiwe kwa mtoa huduma wa mtumaji: akatae pakiti zinazotoka kwake zikibeba anwani isiyo yake.