Maisha ya Pamoja na Nidhamu ya Ulimi: Kumsoma Bonhoeffer Penye Ujirani

Mwezi wa Septemba 1938 Dietrich Bonhoeffer alikwenda kukaa Göttingen katika nyumba ya dada yake pacha. Mwenye nyumba hakuwapo: alikuwa amekwisha kuikimbia Ujerumani pamoja na watoto na mumewe, ambaye alikuwa wa asili ya Kiyahudi. Humo, kwa muda wa majuma manne hivi, Bonhoeffer aliandika Gemeinsames Leben, kitabu kidogo chenye sura tano juu ya maisha ya pamoja ya Wakristo, kilichochapishwa mwaka 1939. Mwaka 1937 Gestapo walikuwa wamekifunga chuo cha wachungaji alichokiongoza huko Finkenwalde. Basi aliyeandika juu ya thamani ya kukaa pamoja ni mtu aliyekwisha kunyang'anywa jambo hilo. Msomaji asiyeyajua hayo hudhani kwamba ameshika mwongozo wa ibada za nyumbani tu.

Hoja kuu ya kitabu ni kwamba Mkristo humfikia mwenzake kwa njia ya Kristo peke yake. Aipendaye ndoto yake ya jumuiya kuliko jumuiya yenyewe huibomoa, hata kama nia yake ni njema. Hoja hii ni ya Kilutheri kabisa: kama vile mwenye dhambi ahesabiwavyo haki kwa neema, ndivyo na ndugu naye apewavyo kwa neema. Hatumchagui, twampokea.

Hata hivyo, kitabu kina upungufu ambao hatuna budi kuutaja. Finkenwalde ilikuwa nyumba ya vijana wa kiume waliosoma, wengi wao hawajaoa, na kila kundi lilikaa humo kwa miezi michache, kisha likatawanyika. Aliyekosana na mwenzake alijua kwamba siku za kuishi naye zina mwisho. Jumuiya za sharika zetu sivyo zilivyo. Katika vijiji vya Kilimanjaro, anayeketi kando yako katika ibada ya jumuiya aweza kuwa yule yule ambaye kihamba chake kimepakana na chako, tena baba yake aligombana na baba yako juu ya mpaka huo. Ukaribu wenu haukuanza na ubatizo, wala hauna tarehe ya kwisha.

Jambo hili alilitambua Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig aliyefika Afrika Mashariki mwaka 1902, akafanya kazi miaka mingi kati ya Wachagga, na kuondoka mwaka 1938. Kwake ukoo, ujirani na rika ni vifungo alivyoviweka Mungu Muumba, na usharika wapaswa kujengwa pamoja navyo. Aliona sawasawa kwamba Injili huwakuta watu wamekwisha kufungamana. Lakini msingi huo una hatari yake. Mwaka 1933, katika Ujerumani yenyewe, lugha ya damu na taifa ilitumiwa kudai kwamba wachungaji wa asili ya Kiyahudi waondolewe katika huduma. Na kwetu, penye nguvu ya ukoo, asiye na ukoo ataketi wapi? Mgeni aliyehamia kwa ajili ya kazi, mjane aliyefukuzwa na shemeji zake, binti aliyezaa kabla ya ndoa: hao ndio wanaopima kama jumuiya yetu ni ya Kristo au ni kikao cha ndugu wa damu kilichofunguliwa kwa sala.

Kwa maoni yangu, msaada mkubwa wa Bonhoeffer kwetu umo katika namna sura ya nne inavyoitangulia ya tano. Ya tano yahusu kuungama dhambi mbele ya ndugu, na wengi huikimbilia. Lakini ya nne, juu ya huduma, huanza na ulimi, kisha hufika katika kusikiliza na kuchukuliana. Huko Finkenwalde kulikuwa na kanuni kwamba mtu asimzungumze ndugu asiyekuwapo. Na ikitokea, amwendee na kumwambia. Mpango huo si wa bahati. Nani atafungua moyo wake Jumatano jioni, ikiwa Alhamisi asubuhi habari zake zitakuwa zimefika sokoni? Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee. Na kadiri majirani wanavyokaribiana, ndivyo ulimi unavyoweza kujeruhi zaidi.

Kwa hiyo nawashauri wachungaji na wazee wa sharika wakisome kitabu hiki, tena wasiirukie sura ya mwisho. Ukaribu peke yake hauponyi mtu. Huponya pale ambapo dhambi ya jirani, ikiisha kutajwa mbele ya msalaba, haitajwi tena mahali pengine.